Kipara Changu Kiko Ukutani

Mimi sikuomba makubwa. Niliomba kikombe. Kikombe cha chai kinachofuka, chapati mbili pembeni zimekunjwa, na chini yake maneno manne kwa herufi kubwa: LEO PESA, KESHO MKOPO. Basi. Hata mtoto wa nasari angechora. Shida ni kwamba kazi sikumpa mtoto wa nasari. Nilimpa mtoto wa dada yake mama watoto, ambaye ni msanii.

Hoteli yangu unaijua. Kama umewahi kufika soko la Ndithini uliiona, halafu ukaenda kula kwa jirani. Meza tatu, mabenchi sita, moja limewekewa jiwe badala ya mguu. Ndengu, muthokoi, chapati, chai. Kibao cha zamani kilichomwa na jua la huku Masinga mpaka HOTELI ikabaki OTE. Wageni wakawa wanasimama wanauliza, "Ote ndiyo nini?" Nikachoka kujibu. Mmoja alidhani ni jina langu. Mpaka leo ananiita Bwana Ote, na mimi naitika, kwa sababu analipa taslimu.

Sasa huyu kijana. Alienda Nairobi kusomea sanaa. Pale nyumbani hakuna anayejua kwa hakika alisoma nini huko, lakini alirudi na rasta, begi la brashi, na tabia ya kukodolea ukuta macho kama unamdai. Tukapatana elfu tatu na chakula. Hilo la chakula ndilo liliniua. Mtu aliyekonda hivyo, nani angejua? Chapati sita asubuhi, na bado anauliza kama ndengu imeiva.

"Anko," akaniambia, "ukuta huu una mengi ya kusema. Nipe uhuru."

Nikampa uhuru. Nchi hii ilipewa uhuru 1963 na mpaka leo tunapiga hesabu ya gharama. Mimi ni nani wa kumpa mtu uhuru pamoja na makopo manane ya rangi?

Siku hiyohiyo nikaenda matanga Kithimani. Siku mbili. Marehemu alikuwa jamaa wa mbali, na mimi kwa wali wa matanga sinaga umbali. Nikarudi na viatu vyenye udongo mwekundu na ile programu ya mazishi mfukoni. Unazijua hizo programu. Karatasi inayong'aa, marehemu amevaa suti ambayo pengine si yake, na juu ya kichwa chake wameandika: Jua Lilichomoza, mwaka fulani. Jua Lilitua, mwaka fulani. Katikati kistari. Miaka sabini na kitu ya kulima, kuoa, kuchimba mtaro na kugombana na jirani juu ya mpaka, yote wameyaweka kwenye kistari kifupi kama njiti ya kiberiti.

Nikashuka kwenye matatu nikaona watu wamejaa mbele ya hoteli. Moyo ukaruka. Wateja! Kukaribia naona wote wako nje, ndani hakuna hata nzi. Nikadhani imeungua.

Haikuwa imeungua. Ilikuwa imechorwa.

Ukuta mzima, bana. Kuanzia mlangoni hadi kwenye tangi la maji. Rangi zote alizoumba Mungu, na mbili alizoumba mwenye hadwea. Kushoto jua linachomoza, la manjano kama kiini cha yai la kienyeji. Kulia jua lilelile linatua, jekundu kama jicho la mtu aliyekesha kwa pombe. Katikati mwembe. Tawi la kwanza limejaa maua, na ndani ya ua moja kamelala katoto kachanga, kamejikunja. Tawi la pili maembe mabichi, watoto wa shule wanayapiga mawe. Tawi la tatu maembe yameiva, yanaanguka, na akina mama wanayaokota kwenye kanga. Tawi la nne limekauka, na juu yake kinyonga anatembea kama mtu asiye na haraka ya kulipa. Kwenye shina kuna saa kubwa ya duara. Haina mishale. Na chini kabisa, kwenye mizizi, kuna mzee amelala chali, macho wazi, amekumbatia sufuria.

Na kikombe? Nikatafuta kikombe changu kama mtu anayetafuta jina lake kwenye orodha ya walioajiriwa. Nikakipata pembeni, kidogo kama ukucha. Tena kimepinduka.

"Chai imemwagika," kijana akanieleza kwa upole, kama daktari anayetoa habari mbaya. "Huo ndio wakati, anko. Ukishamwagika haurudi kikombeni."

Chai yangu. Imemwagika. Kwenye ukuta wangu. Kwa elfu tatu.

Wiki iliyofuata usiniulize. Mzee mmoja alisimama mlangoni, akavua kofia, akaniuliza kwa sauti ya chini jeneza la mtu mrefu nauzaje. Akina mama wawili wa kanisa, wateja wangu wa chai ya Jumapili, wakawa wanavuka barabara wakifika kwangu, na wakishapita wanarudi upande wao. Jamaa wa bodaboda akaja akakaa, akaangalia huku na huku, akaninong'oneza, "Siku hizi unatibu?" Nikamwambia nauza chai. Akasogea karibu. "Ya miti gani?"

Halafu akaja mzee wa nyumba kumi. Huyu ni mtu wa kuangalia vitu. Akaangalia jua la kwanza, akaangalia la pili, akashuka na mwembe pole pole mpaka kwenye mizizi. Akanyamaza. Akanigeukia. Akamgeukia mzee wa ukutani. Akanigeukia tena.

"Huyu wa chini ni wewe."

Watu wakacheka kwanza, halafu wakasogea kuthibitisha. Kipara ni changu. Lile kovu la jembe juu ya sikio la kushoto, langu. Hata ile sufuria ina mkono mmoja, kama ya kwangu ya ndengu. Kila mtu Ndithini alikuwa ameniona nimekufa kabla yangu. Mimi niliyekuwa napita hapo mara ishirini kwa siku sikuwa nimejitambua.

Nikamshika kijana. "Umenizika?"

"Sikukuzika, anko. Nilihitaji uso wa mzee, na wako ndio uliokuwa karibu."

"Mimi niko hai!"

"Ndiyo maana macho yako wazi."

Sasa hapo ndipo nilipokosea. Nilimuuliza maana yake. Usimuulize msanii maana yake kama una ndengu motoni. Alianza saa nane, na ndengu ikaungua saa tisa.

Ati kuna profesa anaitwa John Mbiti. Mkamba mwenzetu, wa kule Mulango, Kitui, kazaliwa 1931. Alikuwa padri, akafundisha Makerere, akafia Uswisi 2019. Mwaka 1969 alitoa kitabu kuhusu dini na falsafa za Waafrika. Kitabu cha Kizungu, lakini maneno mawili yanayokibeba yako kwa Kiswahili: Sasa na Zamani. Alichukua Kikamba chetu hiki, cha kugombania maji, akachambua vitenzi vyake kimoja kimoja, akasema wakati wetu unarudi nyuma. Kuna Sasa, ambayo ni haya tunayoishi na yaliyo karibu. Kuna Zamani, bahari ambayo kila kitu huishia humo. Na kesho? Kesho, akasema, ni kama haipo. Jambo ambalo halijatokea si wakati bado. Kwa vitenzi vyetu ukivuta mbele unapata miezi sita hivi. Ukivuta sana, miaka miwili. Baada ya hapo hakuna kitu. Wasomi wenzake walimbishia sana kwa hilo, kijana akasema, tena Waafrika wenzake.

Mimi sikumbishia. Mimi niliacha mwiko ukaanguka.

Kwa sababu nina daftari. Liko kaunta, limefungwa kwa mpira wa tyubu. Ndani kuna majina ya watu wa Ndithini wote wenye mdomo. Na kila mmoja alipokula aliniambia neno moja: "Nitalipa kesho." Miaka yote hiyo nilidhani wananidanganya. Kumbe walikuwa wanafuata falsafa! Kesho haipo. Profesa alithibitisha. Yule aliyekula chapati mwezi jana naweza kumpata, bado yumo ndani ya vitenzi. Lakini yule wa muthokoi ya 2019, huyo keshavuka. Hata Makerere hawawezi kunisaidia.

"Na mzee wa chini?" nikauliza, ingawa nilishajua simpendi.

Kijana akasema Mbiti alieleza kwamba mtu akifa hatoki kwenye Sasa mara moja. Maadamu kuna mtu aliyemjua, anayemkumbuka kwa jina, bado yumo. Ni mfu aliye hai. Siku mtu wa mwisho anayemjua kwa jina naye akifa, ndipo anazama kwenye Zamani. "Kwa hiyo nimekuweka kwenye mizizi, anko. Mizizi ndiyo inalisha mti."

Mimi hulisha watu hivyo hivyo, bila malipo. Angalau amenichora sawa.

Mzee wa nyumba kumi alikuwa amekaa kwenye lile benchi la jiwe, anasikiliza, chai yangu mkononi, ya mkopo. Akasema, "Na kinyonga nani anamjua?" Nikajibu upesi kwamba ni mjusi mnene. Wote wakaniangalia. Akatikisa kichwa. Akasema wazee walisimulia kwamba Mulungu alimtuma kinyonga awaambie watu kwamba watakufa lakini watarudi. Kinyonga akafika, akaanza, "Niliambiwa... niliambiwa..." Ulimi umekwama. Ndege mmoja mdogo akachoka kusubiri, akarukia, akasema: watu watakufa na kuisha kama mizizi ya mshubiri. Na neno lililotangulia ndilo likasimama. Kwa hiyo sisi hufa, bana, kwa sababu mjumbe mmoja alikuwa na kigugumizi na mwingine alikuwa na mdomo. Kila ofisi niliyowahi kuingia iko hivyo.

"Na sufuria?" mzee akaendelea. Nikanyamaza. Nilishajifunza. "Nikw'a Ngwete," akasema. Hiyo nilikuwa naijua. Ile njaa ya 1984. Sisi Wakamba njaa tunazipa majina kama watoto, na tunahesabia miaka kwazo. Hiyo jina lake ni kama kusema, nakufa nimeshika. Watu walikuwa na pesa mkononi, chakula cha kununua hakuna. Mwaka huo nilikuwepo. Wenzangu walikuwa wameshika pesa. Mimi nilikuwa nimeshika sufuria tu. Nikamwangalia kijana. Mwaka 1984 hata mama yake alikuwa hajafikiria kuolewa. Nani alimwambia?

Bado nikasema napaka chokaa. Biashara ni biashara. Kijana hakulia. Akasema, "Kabla hujapaka, nenda Murang'a ukaone picha za Elimo Njau. Nauli nitakurudishia kesho."

Kesho. Nikaenda hivyo hivyo. Ndivyo nilivyo.

Matatu mpaka Thika, nyingine mpaka Murang'a. Kanisa kuu la Mtakatifu James na Mashahidi Wote. Lilijengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau, mji ule ukiitwa bado Fort Hall. Huyu Njau ni Mchaga wa Marangu, kazaliwa 1932, akasomea Makerere. Ndiye baadaye, pamoja na wenzake, alianzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa, Nairobi, mwaka 1965. Miaka ile ya mwisho ya hamsini alikuwa kijana, kama huyu wangu ila nadhani hakula chapati sita, wakampa kuta za kanisa. Akachora maisha ya Yesu. Yesu mweusi, kwenye vilima na miti ya pale pale nje. Wakati huo mkoloni angali ofisini kwake barabara ileile!

Picha ni tano. Nilihesabu kwa kidole, kwa sababu hesabu ni kitu pekee ninachokijua. Kuzaliwa. Kubatizwa. Karamu ya mwisho. Gethsemane. Msalaba.

Nikahesabu tena. Kutoka kuzaliwa mpaka kubatizwa ni miaka kama 30. Imerukwa! Useremala wote ule, hata kiti kimoja hakikuchorwa. Halafu karamu ya mwisho ni Alhamisi jioni. Gethsemane ni usiku huohuo. Msalaba ni Ijumaa yake. Picha tatu kati ya tano ni za muda usiofika siku nzima! Mwenye hoteli akigawa ukuta hivyo atafilisika. Ni kama kuwa na meza tano, na tatu zote umempa mteja mmoja.

Nikasimama pale. Kumbe mchoraji hagawi ukuta kwa miaka. Anagawa kwa uzito. Kile kistari cha programu ya mazishi, mtu akikichora vizuri, kinaweza kuwa jioni moja tu, watu wamekaa mezani wanakula.

Nikajaribu zangu tano. Ya kwanza, kuzaliwa. Hiyo hata tarehe haina. Karani alipouliza, mama alimjibu kwa jina la njaa, na karani hakuwa na njaa kwenye kalenda yake, akaandika tarehe 1 Januari kama walivyoandikiwa wenzangu wengi. Ya pili, picha ya kitambulisho, nimetoa macho kama niliyeshikwa. Ya tatu, harusi, suti ya kuazima. Ya nne... ya nne nikakwama. Nikajiona nimeinama juu ya sufuria, mvuke usoni, watu wamejaa kwenye mabenchi, kelele, mmoja anasema "Ongeza supu," mwingine anasema "Andika." Hiyo ndiyo iliyojaza ukuta wote. Ya tano alishachora kijana.

Nadhani nilisimama muda mrefu. Nadhani pia macho yalikuwa na vumbi. Kwa sababu mama mmoja mzee sana, fimbo mkononi, alinijia pole pole, akanishika mkono, akaniambia pole sana kwa msiba, akanibandika noti ya hamsini kiganjani. Mtu mzima mimi, mwenye hoteli. Mwenye heshima angeirudisha. Mimi nilisema asante, nikainamisha kichwa zaidi ili aone kipara. Ile hamsini ilinisaidia nauli mpaka Thika. Nilimuomboleza nani? Sijui. Labda zile chapati.

Nikarudi Ndithini jioni. Sikupaka chokaa. Usinisifu. Chokaa imepanda bei, na hesabu yangu ilishaanza kubadilika. Watu wanakuja kupiga picha na ukuta, wakishapiga wanaona aibu kuondoka hivyo hivyo, wanaagiza chai. Watoto wa shule wananiuliza saa ngapi, nikitoka nje kuangalia saa isiyo na mishale wanakufa kwa kicheko. Kila siku wananifanyia, na kila siku natoka. Wale akina mama wa kanisa wamerudi. Mmoja ameniambia mtoto wa kwenye ua anafanana na mjukuu wake. Kijana anamwambia kila mwenye mjukuu hivyo hivyo.

Nilimwomba kitu kimoja tu aongeze. Yale maneno yangu manne. Akasimama akayatazama kwenye karatasi, akashika kidevu, akanyamaza kama mtu kanisani. "Anko," akasema, "Leo pesa, kesho mkopo. Hii ndiyo Mbiti yote." Ameyaandika kwa rangi nyeupe kwenye ile chai iliyomwagika, yanatiririka mpaka chini kwa mzee. Elfu tatu yake bado sijammalizia. Nimemwambia kesho.

Sasa nyinyi mliomo kwenye daftari, nisikilizeni vizuri. Mtu hafi kabisa maadamu yupo anayemkumbuka kwa jina. Mimi kila usiku nikifunga hoteli nawasoma mmoja mmoja, kwa majina, na mlichokula. Hata mama zenu hawawakumbuki hivyo. Lakini kipara mmekiona kiko wapi. Kwa hiyo njooni leo. Na wewe wa chapati mbili na ndengu, ile ya Jumanne ya mvua, usijifiche nyuma ya tangi. Ni shilingi tisini.